Je, lazima nimalize ya zamani ndipo nigundue jipya?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Lamu, nafanya kazi kwenye boti za abiria kati ya Mokowe na Amu, yaani mji wa Lamu. Shule niliishia kidato cha nne. Kwa muda sasa nimekuwa nikitia alama kwenye nguzo moja ya gati kila maji yanapojaa, na nimeona jambo. Maji makubwa kabisa ya bamvua hayaji siku ya mwezi mpevu wala ya mwezi mwandamo kama tulivyofundishwa. Huja siku moja au mbili baadaye. Nikadhani nimegundua kitu. Rafiki yangu aliye chuo kikuu akanicheka, akasema kwanza nisome mpaka niyamalize yaliyokwisha kujulikana, ndipo nifikirie kugundua. Mwingine akasema kusoma sana kunafunga akili: Einstein alikuwa karani, na Erasto Mpemba mwanafunzi tu. Nani mkweli? Na hili la maji, ni ugunduzi au si ugunduzi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na la maji, maana ndilo ulilolitolea jasho, kisha nije kwa rafiki zako.

Ulichokiona ni kweli, ila si kipya. Wapimaji wa bahari walikwisha kukipima na kukiandika katika karne ya 19. Na manahodha wa kwenu, ambao huhesabu maji kwa tarehe za mwezi wa Kiislamu, sidhani kama walihitaji kusubiri waandikiwe. Muulize mzee yeyote mwenye chombo kizito kilichopandishwa mchangani atakishusha lini, uone kama atakutajia usiku wa kumi na nne wenyewe au atasogeza mbele kidogo.

Sababu yake ni hii. Jua, dunia na mwezi vinapokuwa katika mstari mmoja, nguvu ya kuvuta maji hufikia kilele siku ile ile. Hapo kitabu chako cha shule kimesema kweli. Ila kitabu kilikueleza habari ya nguvu, kikaacha habari ya maji yenyewe. Maji yana uzito, yanasuguana na sakafu ya bahari, na kila bonde la bahari lina mwendo wake wa kuyumba ambao haukuamuliwa na mwezi bali na kina na upana wa bonde lile. Wewe mwenyewe unajua kwamba ukizima mashine ukikaribia gati, boti haisimami hapo hapo. Bahari ya Hindi ni nzito kuliko boti yako.

Ukitaka hesabu yake, ni nyepesi kuliko unavyodhani. Wataalamu huyagawa maji katika mawimbi mengi yaliyolaliana. Makubwa mawili ni la mwezi, ambalo hurudi kila baada ya saa 12 na dakika 25, na la jua, ambalo hurudi kila baada ya saa 12 kamili. Tukihesabu mzunguko mmoja kuwa nyuzi 360, la mwezi huenda nyuzi 28.98 kwa saa, la jua nyuzi 30. Tofauti yao ni nyuzi moja na chembe kwa kila saa. Bamvua ni pale mawimbi haya mawili yanapofika kileleni pamoja. Sasa basi, ikiwa hapo gatini kwako wimbi la jua linachelewa nyuzi 24 au 25 zaidi ya lile la mwezi, yatahitajika masaa 24 hivi mpaka lilifikie, na bamvua itakuja siku moja baada ya mwezi mpevu. Likichelewa maradufu, itakuja siku mbili baadaye. Kiasi cha kuchelewa hutofautiana mahali na mahali, na ndiyo maana alama za nguzo yako zina faida hata kama kanuni yenyewe inajulikana. Nitalirudia hili.

Sasa rafiki zako. Yule wa chuo kikuu amekosea neno moja, nalo ni "kwanza". Yule mwingine amekosea karibu kila kitu isipokuwa hamu ya kukutia moyo.

Hakuna mtu duniani aliyemaliza yaliyokwisha kujulikana. Waliosema elimu ni bahari hawakutia chumvi. Mimi niliyefundisha fizikia ya bahari miaka mingi, nikiulizwa habari za samaki nitakupeleka kwa mwenzangu, na mwenzangu akiulizwa habari za papa atakwambia yeye ni mtu wa changu na tewa. Lau masharti ya kugundua yangekuwa kumaliza, basi hakuna ambacho kingegunduliwa tangu siku za Galileo. Kinachotakiwa ni kidogo kuliko hicho, na pia ni kigumu zaidi kwa namna yake: ujue vya kutosha kuhusu jambo lako moja kiasi kwamba kikitokea kisichotarajiwa, utambue kwamba hakikutarajiwa. Macho wanayo wote. Matarajio hayaji bila elimu, iwe ya darasani au ya chomboni.

Nikupe kisa cha samaki, kwa sababu kinahusu bahari yetu na kwa sababu watu hukisimulia nusu.

Tarehe 22 Desemba 1938, katika mji wa East London, Afrika Kusini, mhifadhi wa jumba dogo la makumbusho, Marjorie Courtenay-Latimer, aliitwa bandarini kutazama samaki walioletwa na meli ya nyavu za kukokota ya Kapteni Hendrik Goosen. Chini ya rundo akaona pezi la rangi ya samawati. Samaki mwenyewe alikuwa na urefu wa mita moja na nusu, magamba magumu, na mapezi yenye minofu yanayofanana na miguu kuliko mapezi. Mama yule hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Alikuwa amejifunza ndege, maua na samaki kwa mikono yake, kazini. Alipekua vitabu alivyokuwa navyo, hakumpata. Hapo ndipo penye siri: aliwajua samaki wa kawaida wa pwani ile vizuri kiasi cha kuwa na hakika kwamba huyu si mmoja wao. Asiyewajua angemwona ni samaki mbaya wa sura tu, na wabaya wa sura ni wengi.

Akachora picha, akaituma kwa barua kwa J. L. B. Smith wa Grahamstown. Smith huyo kazi yake ya mshahara ilikuwa kufundisha kemia. Samaki aliwasoma kwa mapenzi, likizoni na usiku, lakini aliwasoma hasa. Alipoiona ile picha alijua anachokitazama, maana alikuwa amewaona wenziwe katika vitabu vya visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe: jamii ya samaki ambayo wanasayansi waliamini ilikwisha kutoweka miaka milioni 66 iliyopita, pamoja na dinosaria. Mwaka 1939 akampa jina la Latimeria, kwa heshima ya yule mama.

Smith akatafuta wa pili kwa miaka 14. Alisambaza karatasi zenye picha na ahadi ya pauni 100 kwenye pwani yote ya Afrika Mashariki. Desemba 1952 akapatikana Komoro, kisiwa cha Anjouan, kwa mshipi wa mvuvi aitwaye Ahamadi Abdallah. Na hapa ndipo kisa kinapokuhusu wewe: wavuvi wa Komoro walikuwa wakimjua samaki huyo siku zote. Walimwita gombessa, wala hawakumthamini sana mezani. Hata huku kwetu, mwaka 2001 mmoja alinaswa kwenye nyavu za kukokota mbele ya Malindi, na akawa wa kwanza kuandikwa kwamba amevuliwa Kenya.

Nani basi aligundua? Watu wa Komoro hukasirika wakisikia kwamba aligunduliwa na Mzungu, na wana haki. Walijua anapokaa, kina chake, saa za kumpata, mambo ambayo Smith hakuyajua hata moja, na bila wao angetafuta mpaka kufa. Ila jambo moja hawakulijua: kwamba huyu hakutakiwa kuwepo. Hilo liliandikwa mahali pengine kabisa, kwenye mawe ya Ulaya yaliyochambuliwa karne moja kabla, na anayeweza kushtuka ni yule tu aliyesoma mawe. Ujuzi wa aina mbili ulikutana juu ya mzoga mmoja. Smith hakujua yote, Courtenay-Latimer hakujua hata nusu ya aliyoyajua Smith, lakini kila mmoja alijua alichohitaji kujua mahali pake.

Mpemba nitamtaja kwa sababu umemtaja, na kwa sababu nimechoka kusikia jina lake likitumiwa kuwashauri vijana waache vitabu.

Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Tanganyika, mwaka 1963. Walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa yaliyochemshwa na sukari. Nafasi kwenye friji ilikuwa ya kugombewa, akaogopa kukosa, akayatia maziwa yake yangali moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye akakutana na rafiki aliyekuwa akiuza aiskrimu Tanga, ambaye alimwambia kwamba wao huko hutia ya moto makusudi, ipate kuganda upesi.

Tazama hapo. Wauza aiskrimu wa Tanga walikuwa wanajua. Kwa nini basi jambo hilo halikuitwa kwa jina lao? Kwa sababu wao hawakuona tatizo. Ilikuwa njia ya kazi, na njia ya kazi ikifaa haiulizwi. Mpemba alikuja kulitoa tena swali lake akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, siku walipokuwa wakifundishwa kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu. Aliona kwamba kanuni ile na maziwa yale havikai pamoja. Bila ya Newton asingekuwa na swali, angekuwa na aiskrimu tu. Kisha alipokuja mgeni, Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mpemba akauliza mbele ya wenzake waliomcheka, na Osborne akaenda kupima badala ya kucheka. Makala yao ikatoka mwaka 1969.

Na kuna sehemu ya pili ambayo wasimuliaji huiruka. Aristotle alikwisha kulitaja jambo hilo zaidi ya miaka elfu mbili kabla, na wanafalsafa Bacon na Descartes wakalitaja katika karne ya 17. Mpemba hakujua, na kutojua huko hakukumdhuru. Ila ukiuliza leo kama maji ya moto kweli huganda mapema, jibu bado linabishaniwa. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza walipima kwa uangalifu na kusema hawaoni ushahidi wa maana. Mwaka 2020 wengine wakaonyesha kitu cha namna hiyo, si kwenye maji ya friji bali kwenye chembe ndogo moja iliyozamishwa katika maji. Ilichukua swali la mwanafunzi kuliamsha, na inachukua mabingwa wa vipimo kulilaza. Mpaka sasa hawajafaulu.

Kuhusu Einstein nitakuwa mfupi. Ni kweli mwaka 1905 alikuwa mfanyakazi wa ofisi ya hataza (haki za uvumbuzi) huko Bern. Lakini alikuwa amekwisha kuhitimu fizikia Zurich mwaka 1900, na yeye na rafiki zake wawili walikuwa wakikutana jioni kusoma vitabu vizito na kubishana. Makala yake ya uhusianifu haikutaja rejeo hata moja, na watu hulichukua hilo kuwa ushahidi kwamba hakumtegemea mtu. Ifungue uone inaanza vipi: kwa mgongano uliomo ndani ya nadharia ya Maxwell ya umeme na sumaku, mgongano ambao huwezi kuuona bila kuijua nadharia yenyewe sawasawa. Karani yule alikuwa amesoma.

Hata hivyo yule rafiki yako wa pili anayo chembe ya ukweli, wala sitaki kuipoteza. Elimu hufunga macho. Nimeyaona hayo kwa wasomi wenye majina kuliko kwa wanafunzi.

Mfano ulio wazi ni vidonda vya tumbo. Miaka ya 1970 kila daktari alifundishwa kwamba bakteria hawaishi tumboni kwa sababu ya asidi, na kwamba vidonda huletwa na fikra nyingi na asidi kuzidi. Mwaka 1979 huko Perth, Australia, daktari wa patholojia Robin Warren aliona vijidudu vilivyopinda kwenye vipande vya nyama ya tumbo chini ya hadubini. Akaendelea kuviona. Mwaka 1981 akajiunga naye daktari kijana aliyekuwa bado mafunzoni, Barry Marshall. Walijaribu kuviotesha, wakashindwa mara nyingi, maana maabara ilikuwa ikitupa sahani baada ya siku mbili, kama ilivyo desturi. Pasaka ya 1982 sahani zikasahaulika kwa siku tano, na vijidudu vikaota. Mwaka 1984 Marshall alikunywa vijidudu hivyo mwenyewe ili awathibitishie wenziwe, akaugua tumbo. Mwaka 2005 wote wawili wakapewa Nobeli.

Unaweza kusema: unaona, aliyeshinda ni kijana asiyekuwa na fikra za wazee. Nami nasema utazame vizuri nani alifanya nini. Aliyeona ni Warren, na aliona kwa sababu alikuwa ametazama vipande vingi sana vya nyama ya tumbo na kujua sura ya kawaida ikoje. Marshall naye alichimba majarida ya zamani akakuta madaktari wa karne ya 19 walikwisha kuandika kuhusu vijidudu vya tumboni, habari zikapuuzwa. Dawa ya elimu iliyofunga macho iligeuka kuwa elimu zaidi, ya zamani zaidi, pamoja na ukaidi. Ujinga haukuchangia kitu.

Na ukitaka mfano wa karibu kuliko huo, siku utakayokuja huku kwetu, panda mpaka Ngomeni, kaskazini ya Malindi, utazame baharini. Utaona majukwaa ya chuma yamesimama kwa miguu ndani ya maji. Wataliano ndio waliyajenga kwa kurushia roketi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka hapo, na kwa heshima ya siku hiyo ikaitwa Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kupekua mbingu nzima kwa eksirei. Kundi lililoiongoza, chini ya Riccardo Giacconi, lilikuwa limerusha roketi mwaka 1962 kutafuta eksirei kutoka mwezini. Za mwezi hazikuonekana, lakini upande mwingine wa anga wakakuta chanzo kikali cha eksirei ambacho hakuna aliyekiota.

Uhuru ilipoanza kazi, wakaona chanzo kimoja kinapigapiga kila baada ya sekunde 4.8. Wakatambua kwamba hiyo ni nyota ya nyutroni inayojizungusha, huku ikiizunguka nyota nyingine. Walitambuaje? Kwa sababu mwaka 1967 mwanafunzi wa Cambridge, Jocelyn Bell, alikuwa amekwisha kuzigundua nyota za kupigapiga kwa redio. Ingekuwa setilaiti imerushwa miaka mitano mapema, wangekuwa na mapigo yale yale mkononi bila ya kujua wayafungie wapi. Na Bell mwenyewe je? Alikuwa bado anasomea udaktari wake wa falsafa. Alishiriki kuijenga ile darubini ya redio kwa mikono, akasoma karatasi ya michoro mita kwa mita, mpaka akajua kelele za mitambo zinavyochorwa na nyota zinavyochorwa. Kikatokea kichoro kidogo kisichofanana na chochote kati ya hivyo. Hakuwa amemaliza fizikia. Alikuwa amemaliza karatasi zake.

Kuna jambo ambalo rafiki yako wa chuo angepaswa kukwambia badala ya kukucheka: urefu wa njia mpaka ukingoni si sawa katika kila elimu. Kwenye chembe za atomi njia ni ndefu, miaka kumi ya hisabati kabla hujauona ukingo, na mashine yenyewe haimilikiwi na mtu mmoja. Kwenye mambo mengine ni fupi ajabu. Mwaka 1975 mama wa nyumbani wa San Diego, Marjorie Rice, ambaye hisabati yake ilikuwa ya sekondari, alisoma kwenye jarida habari ya maumbo ya pembe tano yanayoweza kutandaza sakafu bila kuacha nafasi. Akajitungia alama zake mwenyewe za kuandikia, akafanya kazi juu ya meza ya jikoni, akapata aina nne zisizojulikana. Mtaalamu mmoja alizihakiki, zikawa sahihi. Ila usisahau kwamba alianza kwa kusoma orodha ya zilizokwisha kupatikana. Bila orodha ile asingejua kwamba zake ni mpya.

Gharama ya kukosa orodha aliilipa Ramanujan, mwanahisabati wa India, na yeye alikuwa na kipaji ambacho mimi na wewe hatutakipata. Alijifunza karibu peke yake huko India kusini, kwa kitabu kimoja kikuu kilichokuwa kimejaa majibu bila ya njia. Mwaka 1913 alipomwandikia mwanahisabati Hardy wa Cambridge, barua yake ilikuwa na maajabu, lakini pia ilikuwa na mambo yaliyokwisha kupatikana Ulaya muda mrefu, na madai juu ya namba tasa ambayo hayakuwa sahihi. Alifariki mwaka 1920 akiwa na miaka 32. Huwa najiuliza ni miaka mingapi kati ya hiyo ilitumika kujenga upya nyumba ambayo tayari ilikuwa imesimama mahali. Wapo wanaosema kujenga upya ndiko kulikomfundisha kujenga. Labda.

Kwa hiyo ushauri wangu kwako ni usome kinyumenyume. Usianze na somo la kwanza la kitabu cha kwanza ukitumaini kufika kwenye maji yako baada ya miaka saba; wengi huishia njiani, na swali hufa. Anza na nguzo yako. Swali lako litakudai trigonometria kidogo, ile ya kidato cha tatu ambayo sasa utaiona ina kazi. Litakudai ujue mawimbi hujumlishwaje. Kila litakachokudai, kisome, kingine kiache. Na usidharau mzee wa dau kwa sababu umeanza kusoma, maana huo utakuwa ujinga wa pili.

Kuna elimu moja lakini ambayo huwezi kuichukua nusu, nayo ni ya kupima. Hukuniambia unatia alama vipi. Ukiweka alama pale wimbi linapopiga, unapima upepo. Chukua bomba la plastiki, liwe wazi juu, lizibe chini uache kitundu kidogo, ulifunge kwenye nguzo wima. Ndani yake maji yatapanda na kushuka bila ya mawimbi kuyasumbua, nawe usome kwa kijiti chenye sentimita. Kumbuka kwamba mgandamizo wa hewa ukishuka kwa milibari moja, bahari hupanda kama sentimita moja, na kwamba upepo wa kusi unaweza kuyasukumia maji ufukweni. Kwa mwezi kuna shida nyingine: kila baada ya siku 27 na nusu hivi hukaribia dunia, na maji huongezeka kwa sababu hiyo pekee. Bamvua moja ikikutana na siku hizo, utadhani imechelewa au imewahi kumbe ni ukaribu wa mwezi. Pia bamvua za Machi na Septemba huwa kubwa kuliko za miezi mingine. Kutenganisha haya unahitaji angalau siku 29 za kupima mfululizo, na kwa uhakika unahitaji mwaka mzima. Bamvua tatu au nne hazitoshi, hata zikikubaliana.

Usione kazi hiyo ni ya kibarua. Juni 1835 William Whewell wa Cambridge alipanga maji yapimwe kwa wakati mmoja, majuma mawili mfululizo, katika vituo zaidi ya 600 vya nchi tisa. Wengi wa waliosoma vijiti vile walikuwa walinzi wa pwani na watu wa bandarini, watu wa kazi kama yako. Whewell alijua hesabu, ila hakuweza kuwa mahali 600.

Sasa nilirudie lile nililokuahidi. Lamu ni kimoja kati ya vituo viwili vya Kenya vilivyomo katika mtandao wa kimataifa wa kupima usawa wa bahari. Kingine kiko Mombasa. Takwimu zake hukusanywa na Chuo Kikuu cha Hawaii na hupatikana bure kwenye intaneti, hata kwa simu. Hapo utalinganisha bomba lako na kipimo cha kweli, ujue unakosea kwa sentimita ngapi. Ukikosea kwa kumi, usivunjike moyo, tafuta sababu.

Kisha toka pale gatini. Kipima kimoja cha Lamu hakiwezi kukwambia habari za Mkanda, ule mkondo mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, wala za mlango wa Siyu, wala za vijito vilivyoingia ndani ya mikoko. Maji ya upande wa Lamu na maji ya ghuba ya Manda hukutana wapi ndani ya Mkanda, na saa ngapi baada ya kujaa Amu? Hukutana mahali pale pale kwenye bamvua na kwenye maji mafu, yale madogo? Kwenye maji haba kama yale, kujaa huweza kuwa kwa haraka na kupwa kwa polepole, au kinyume. Kwenu ni kupi? Wewe unapita huko, na kila mwenye chombo anayesubiri maji yamvushe ana jibu lake kichwani. Haya si makubwa kwa dunia, lakini ukiyapima sawasawa utakuwa umeandika kitu ambacho mimi, pamoja na vyeti vyangu, sikijui.

Chukua daftari la kurasa ngumu, kalamu isiyofutika kwa maji, na uwe wasoma bomba kila baada ya dakika 15 kwa saa nzima kabla na baada ya kujaa, ili kilele kisikupite. Andika na upepo unatoka wapi. Na saa ziandike kwa mtindo mmoja tu, ama za Kiswahili ama za simu, kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Nimewahi kuletewa daftari zuri sana ambalo saa 4 zake nyingine zilikuwa za asubuhi na nyingine za alasiri, na hakuna hesabu inayoweza kuliokoa.